Nairobi ya Mwezi wa Saba kwa Watu wa Amu

Kusi likishakaza, mashua za Manda zikaanza kuwarushia abiria maji ya chumvi, mtaani kwetu Langoni, hapa Amu, yaani Lamu, huanza maswali ya Nairobi. Likizo ya mwezi wa nane imekaribia. Huyu ana harusi ya binamu yake South C, yule anampeleka baba yake kliniki, mwingine wanawe wamemchosha wanataka kumwona ndovu kwa macho yao. Mimi niliishi Nairobi miaka ya chuo na ya kazi za mwanzo, na tangu nirudi Amu ndimi mpeleka watu wa nyumbani kwetu: mama, wanangu, wifi yangu na wanawe, na mara nyingine khalati, dada yake mama, naye hujipakia. Basi mlango unaobishwa hodi ni wetu. Na swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo baridi tunayoambiwa, ni kweli au wanatutisha?"

Ni kweli, ila haiko pale watu wanapoitafuta. Mtu wa pwani akisikia baridi huwaza mvua. Hubeba mwamvuli, koti la mvua na viatu vya plastiki, halafu usiku analalia shuka. Mwezi wa saba Nairobi ni katika miezi yenye mvua haba kabisa. Ukiona maji ni manyunyu ya asubuhi yasiyojaza kikombe. Baridi yake ni ya mawingu, na ni ya ndani ya nyumba. Mji uko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hili kusi linalotuchafulia bahari ndilo linalopanda bara na unyevu wake, likafika kwenye miinuko likageuka wingu zito la chini. Wingu hilo hukaa juu ya mji asubuhi nzima, siku nyingine kutwa. Usiku joto huteremka hadi nyuzi 11 au 12, na kuna siku huenda chini ya 10. Mchana jua likifaulu kutoboa, hupanda hadi 21 au 22, ukavua sweta ukajiuliza ulilivalia nini.

Sasa ingia ndani. Nyumba zetu za mawe zilijengwa kupambana na joto: kuta nene za matumbawe, dari ndefu, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati cha kupitisha hewa. Nyumba ya ghorofa ya Nairobi ni saruji na vigae, madirisha ya chuma yasiyofunga sawasawa, na kwa kawaida hakuna chombo chochote cha kukipasha chumba moto. Ulaya, kwenye theluji yao, nyumba zina mitambo ya joto. Nairobi baridi ikiingia jioni hulala nawe. Saa nne asubuhi unaweza kutoka barazani ukakuta nje kuna afadhali kuliko sebuleni. Kwa hiyo mimi huwaambia watu wajiandae kwa nyumba kwanza, barabara baadaye: soksi nzito, malapa ya kuvaa ndani (vigae ndivyo vinavyowaumiza wazee miguu), na sweta la kulalia lisilokuwa lile la kutokea.

Blanketi ni jambo la adabu pia. Jamaa anayekupokea ana mablanketi ya watu wake tu. Mkimshukia familia nzima, kila mmoja na shuka lake la pwani, mwenye nyumba atawavulia yake, na yeye na wanawe watalala wakijikunyata bila kusema neno. Sisi hununua blanketi nzito tukipita Mombasa, na siku ya kuondoka tunamwachia mwenyeji. Ni zawadi inayoshukuriwa kuliko halua, ingawa halua pia usiiache. Achari ya embe nayo hupokelewa kwa mikono miwili. Papa mkavu mfikirie mara mbili: ndani ya basi na treni huyo hujitangaza mwenyewe.

Masweta usisumbuke kuyatafuta Amu. Yako machache na bei yake ni ya mtu aliyejua utakuja. Mitumba ya Kongowea inatosha ukiwa na nusu siku Mombasa, la sivyo ngoja ufike Eastleigh, Nairobi, ambako sweta la mtoto, soksi na mavini, zile kofia za sufu, hununuliwa hapo hapo kando ya njia. Chagua nguo nyepesi kadhaa za kuvaa moja juu ya nyingine kuliko jaketi moja kubwa, kwa maana saa saba mchana mtoto atatokwa jasho na jaketi hilo utalibeba wewe. Chini ya buibui, vaa taitsi na fulana ya mikono mirefu; juu yake sweta refu au jaketi la jinzi, na hakuna atakayegeuka kukutazama, wanawake wa Eastleigh na Pangani ndivyo wavaavyo. Wazee wanaume wana bahati yao: lile koti la harusini juu ya kanzu linafaa kabisa. Isipokuwa kofia. Kofia zetu za mkono zina vitundu vilivyoshonwa makusudi kupitisha hewa, basi mzee akikubali, usiku avae mavini. Baba yangu mkubwa hakukubali, na mafua yakamkaa mpaka tukarudi.

Asubuhi ya kwanza mama alipofungua mkoba akakuta mafuta yake ya nazi yameganda meupe ndani ya chupa, aliniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Mafuta yangu yameoza haya!" Hayakuoza. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chumba cha Nairobi mwezi wa saba kwa kawaida hakifiki hapo hata adhuhuri. Ukiweka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto yanarudi. Siku hizi mama huyahamishia kwenye kopo la mdomo mpana kabla ya safari, akachota kwa kidole na kuyasugua kiganjani. Na mafuta utayahitaji sana kule. Hewa ile hukausha ngozi, midomo ya watoto hupasuka upesi, na miguu ya sisi watu wazima huanza kuandikika kwa ukucha.

Maji yana mambo yake. Nyumba nyingi za mjini zina shawa ya umeme ya kupasha maji papo hapo, yenye swichi yake ukutani nje ya bafu. Inakula stima vibaya mno. Stima nayo hulipwa kabla kwa tokeni, kwa hiyo familia ikioga moto asubuhi na jioni, tokeni za mwenyeji zilizokusudiwa mwezi mzima huisha katikati. Usingoje aseme, mwombe namba ya mita, umnunulie. Muulize pia siku za maji, kwa sababu Nairobi maji hutolewa kwa zamu mtaa kwa mtaa, na siku yasipokuja yanayotumika ni ya tangini. Sisi huwaogesha watoto saa nane mchana na si vinginevyo. Wifi yangu alishikilia kuwaogesha wake alfajiri kama nyumbani, na wakakohoa.

Kwa udhu wa alfajiri dawa ni chupa ya chai. Usiku kabla ya kulala chemsha maji, jaza chupa, iweke karibu na ndoo, ukiamka unachanganya. Mama alipotia mkono kwenye maji ya bomba saa kumi na moja alfajiri alirudi chumbani akaniamsha: "Mwanangu, mayi haya yatoka wapi?" Kutoka siku hiyo chupa mbili zilisimama mlangoni pa bafu usiku, moja ya mama na moja ya wengine.

Na hapa nataka niseme polepole, maana watu wetu wamezoea chetezo, kile cha makaa ya kufukizia udi. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata dakika za kusinzia tu. Kila msimu wa baridi, Nairobi husikika habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Makaa yanayoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huingia kwenye damu ikachukua nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa. Aliye macho huumwa kichwa, akaona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu wa safari. Nyumba zetu za Amu zina hewa kila upande, ndiyo maana tunafukiza udi kutwa na hatudhuriki. Chumba cha ghorofa, madirisha yamefungwa na nguo zimeziba chini ya mlango, si mahali pake. Khalati alitaka kuingiza kijijiko chake "kwa ajili ya udi tu". Tulikiweka barazani na mlango wa chumba ukafungwa, akanuna mpaka chakula cha usiku. Anune. Kwa joto la kulalia, chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringwa kwenye leso, ikawekwa miguuni, hutosha kabisa.

Safari yenyewe. Mwenye uwezo hupanda ndege Manda, kisiwa cha jirani, na baada ya saa moja na kitu yuko uwanja wa Wilson, Nairobi. Sisi wengine ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Hindi, Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, na njiani kuna vizuizi ambapo abiria huonyesha vitambulisho. Kiweke kitambulisho mfukoni, si ndani ya begi lililo chini ya basi. Beba na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vitakufaa zaidi Nairobi, kwa sababu mbugani na kwenye makumbusho raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, na anayedai uraia huthibitisha.

Ukifika Mombasa, lala. Usiniambie kuwa mtaunganisha. Treni ya Madaraka ya kwenda Nairobi ina safari ya saa mbili asubuhi, ya saa tisa alasiri na ya saa nne usiku, na watu wengi wa Amu huikimbilia ya usiku ili wasilipie malazi. Hiyo ya usiku hukushusha Syokimau, stesheni yake ya Nairobi, kabla ya alfajiri, saa ya baridi kali kuliko zote, pamoja na watoto waliotoka usingizini na mama mwenye magoti. Ni ya kijana mwenye begi moja. Ya asubuhi husimama vituo vya njiani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, na hukufikisha mchana, jua likiwa bado lipo kama lina nia ya kuwapo. Tena unaona njia. Kati ya Voi na Mtito Andei reli hukatiza Tsavo, na ndovu wake wana rangi ya ule udongo mwekundu wanaojipaka. Wanangu waliacha simu wenyewe. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Likizo ya mwezi wa nane tiketi huisha mapema, basi kata kabla hujafunga begi. Masweta yakae mkononi: ndani ya behewa mna kiyoyozi, na karibu na Emali utaanza kusikia hata nje kumebadilika.

Stesheni ya Syokimau iko mbali na mjini. Kuna treni ya abiria inayounganisha hadi stesheni ya zamani katikati ya jiji, lakini kwa familia yenye mizigo gari ni afadhali. Kama dereva atapita barabara ya juu ya kulipia, ile ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, elewaneni kabla ni nani analipa pale getini.

Mji ukishaufikia, kumbuka kuwa siku ya Nairobi wakati wa baridi ina saa chache za kufaa. Asubuhi wingu limelala. Kuanzia saa kumi jioni foleni za magari hujifunga, Mombasa Road, Waiyaki Way, Lang'ata, na saa kumi na mbili na nusu jua linazama na baridi inarudi. Kinachobaki ni kuanzia kama saa tano hadi saa tisa. Mimi hupanga upande mmoja wa mji kwa siku moja, basi. Anayetaka kumaliza makumbusho, twiga na mbuga siku moja atamaliza siku yake ndani ya gari, akiwafutia watoto matapishi.

Siku ya Lang'ata ndiyo watoto waliyoililia. Kituo cha Sheldrick, pale upande wa Mbagathi wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, hufungulia watu saa tano hadi saa sita mchana tu, na lazima uwe umejiandikisha mbele. Mwezi wa nane watalii huzijaza nafasi. Wanaletwa ndovu wachanga waliopotelewa na mama zao, wananyweshwa maziwa kwa chupa kubwa, kisha wanagaragara kwenye matope. Wakishakua hupelekwa Tsavo kuzoeshwa porini, na mwanangu mkubwa, alipolisikia hilo, alitaka kujua kama wale tuliowapita na treni walilelewa hapa. Lakini kilichowanyamazisha watoto wetu ni kuona kuwa wale wadogo kabisa hufungwa blanketi mgongoni siku za baridi. Kesho yake hakuna mtoto aliyekataa sweta. Ukitoka hapo, Giraffe Centre iko upande huo huo, na twiga wa Rothschild huja kuchukua chakula mkononi mwako kwa ulimi mrefu wa rangi ya zambarau. Khalati alitoa Bismillahi kwa sauti watu wakageuka. Saa tisa tuko njiani kurudi.

Mbuga yenyewe, ya mwaka 1946 na ya kwanza Kenya kutangazwa mbuga ya taifa, inataka gari na asubuhi mapema, na asubuhi mapema kwa mwezi wa saba ni kazi. Ukiwa na watoto wadogo sana iache. Ukienda, wape uji kabla ya kutoka, na ulipie kwa simu kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kabla hujafika getini, kwa sababu pesa taslimu hazipokelewi.

Asubuhi za wingu mimi huzipeleka Makumbusho ya Taifa. Ni ndani, na watoto wa Amu hawaendi kama wageni kabisa, kwa sababu taasisi inayoyaendesha ndiyo inayoendesha makumbusho yetu ya pwani na Ngome ya Lamu. Uani kumesimama sanamu ya Ahmed wa Marsabit, yule ndovu mwenye pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri mwaka 1970, naye akafa 1974. Mwanangu wa kati anaitwa Ahmed. Kutoka siku hiyo ana somo wake mwenye pembe, na mtaani hakuna asiyejua. Ndani kuna mifupa ya kijana wa Turkana, iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mama aliitazama kitambo kirefu, akasema, "Masikini, alikuwa mtoto," akasogea kutafuta benchi. Bustani ya nyoka iko pembeni, na mimi siingii. Watoto huingia na wifi.

Siku ya mjini kati ni ya Ijumaa, ili wanaume waswali Jamia, msikiti wenye kuba tatu za rangi ya fedha. Wanawake tuna sehemu yetu, na zulia lake ndilo lililompasha mama miguu kwa mara ya kwanza wiki ile. Nyuma ya stesheni ya zamani kuna makumbusho ya reli, ambako watoto hupanda mabehewa na kugusa kila kitu. Waonyeshe lile behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Ryall, pale Kima, mwaka 1900. Kisha, kama mbingu zimefunguka, pandeni juu ya KICC, lile jengo la mviringo la mwaka 1973, mita 105 kwenda juu. Kama kuna wingu usitoe pesa zako, hutaona kitu.

Karura nayo watu huisifu, na kwa haki. Ni msitu ambao Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiupigania. Ila miti yake hunasa baridi. Nenda baada ya saa sita, ukiwa na chai.

Kuvuka barabara kwanza fundisheni nyumbani. Mtoto aliyekulia Amu amezoea kumpisha punda, na siku hizi bodaboda ya hapa na pale. Macho yake hayajui kupima gari linalokuja kwa kasi, wala kutazama kulia kwanza. Sisi tulifanya mazoezi barabara ya Mokowe tukingoja basi, watu wakitucheka. Mjini kila mtu mzima ana mtoto wake, jina kwa jina, na barabara kubwa zenye daraja la miguu tunapanda daraja hata kama wenyeji wanakatiza chini. Simu haitoki dirishani gari likiwa kwenye foleni.

Matatu tulipanda pia, maana watoto waliyataka yale yenye michoro na muziki. Uliza nauli kabla ya kuingia, kwa kuwa manyunyu yakianza hupanda papo hapo. Kondakta mmoja alimwita mama, "Mathe, ingia ndani, gari inaenda!" Mama akasimama pale pale mlangoni. "Salamu kwanza, mwanangu." Kijana akavua mavini. "Shikamoo, mama." Akampa kiti cha mbele, akapunguza muziki, na tulipofika akamshika mkono kumteremsha. Sijaona mtu mwingine aliyepunguziwa muziki Nairobi.

Chakula si taabu. South C, Eastleigh na Pangani hoteli za halali ziko kila kona, na Eastleigh kuna shahi na anjera, chai na chapati laini za Kisomali, za asubuhi ambazo watoto walizipokea kuliko mkate. Baridi huwapa njaa. Usishangae mtoto mlegevu wa kula akimaliza sahani na kudai githeri ya jirani. Samaki mama alimsaka siku zote, akaletewa wa ziwani, akala bila maoni, na kwa mama hayo ni maoni.

La afya ni moja ambalo watu hawaambiwi. Mtoto wa pwani akipata homa Nairobi wiki ya kwanza au ya pili, mwambie daktari tangu mlangoni kuwa mmetoka Lamu, na uombe apimwe malaria. Nairobi malaria ni nadra, na msimu huo kila mtoto ana mafua, kwa hiyo ni rahisi homa kuhesabiwa ya baridi. Vimelea mlivyotoka navyo nyumbani huweza kukaa siku 7 hadi 14, au zaidi, kabla havijajionyesha. Binti ya wifi alipimwa kwa sababu tulisisitiza, na ilikuwa malaria. Mwenye pumu abebe bomba lake, na dawa za presha za wazee zizidi siku mlizopanga. Wazee wasikimbizwe kwenye ngazi siku za mwanzo. Mwinuko ule si mkubwa sana, lakini pumzi ya mtu aliyekaa miaka sabini usawa wa bahari huusikia.

Siku ya kurudi usiyabebe masweta yote. Hewa ya chumvi na unyevu wa Amu huyatia ukungu ndani ya kabati, na mwaka ujao watoto watakuwa wameshakua. Yafue mapema, maana kukauka nako huchukua siku mbili kwa wingu lile, yakunje umwachie mwenyeji pamoja na lile blanketi. Bakiza moja moja la kuvaa hadi Voi. Baada ya hapo watayavua wenyewe.